Haraka Hunyoa Brashi

"Haraka hunyoa brashi." Mmeisikia mkacheka, mkadhani ni utani wa vinyozi. Hata waliokuwapo siku ilipozaliwa walicheka. Kaeni basi niwaeleze ilikotoka.

Zamani pale Muheza alikuwako kinyozi akiitwa Mhina. Brashi yake ya kupakia povu la sabuni aliirithi kwa baba yake, Mzee Kilua, aliyenyoa watu miaka arobaini mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Siku alipomkabidhi, alimpa sharti moja tu: "Iloweke kwenye maji ya vuguvugu. Tia kidole kwanza, uhesabu hadi kumi. Maji yakikishinda kidole, yameishinda na brashi."

Mwaka mmoja, ikiwa kesho yake ni Idi, Mhina alinyoa tangu alfajiri. Kiuno kilimuuma, macho yakamwasha, na watu hawakuisha mlangoni. Alasiri baba yake akaja akijikongoja, mgonjwa, mashavu yamebonyea. Wote wawili walijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba huenda hiyo ikawa Idi yake ya mwisho. Mhina alitaka amnyoe vizuri, kwa brashi ileile.

Lakini aliyechoka hana subira. Akamimina maji yanayotokota kutoka kwenye birika, akaizamisha brashi, akaegemea ukuta na kufumba macho kidogo. Kidole hakutia, wala hakuhesabu.

Alipoanza kumpaka baba yake, nywele za brashi zikawa zinabaki shavuni, fungu kwa fungu. Gundi iliyozishika kwenye mpini ilikuwa imelainika. Mzee akajipapasa, akazitazama kiganjani.

"Mwanangu, unaninyoa mimi au unainyoa brashi?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Mhina hakucheka.

"Nisamehe, baba. Nimechoka."

"Naona. Nami nilichoka miaka arobaini, ila kidole changu hakikuchoka." Mzee akafumba macho. "Basi, nipake kwa mkono."

Mhina akampaka povu kwa kiganja, taratibu. Tangu utoto wake hakuwahi kuushika uso ule. Akaona jinsi mifupa ilivyokuwa karibu na ngozi, akalia mbele za watu.

Mzee Kilua hakuiona Idi nyingine baada ya ile. Mpini mtupu ulibaki dirishani kwa Mhina, na kila aliyeingia akisema, "Fundi, fanya upesi, nina safari," alionyeshwa mpini ule. Kisha Mhina alitia kidole majini, akahesabu hadi kumi, ndipo akamjibu:

"Haraka hunyoa brashi."