Magunia Mawili Yaliyovuka Daraja

Mkunga mmoja aliuliza swali mbele ya watu arobaini waliovaa suti, kila mmoja na maikrofoni yake na chupa yake ya maji. Aliuliza hivi: "Zile kufuli mbili za pale darajani, ni nani humu ndani anaweza kuamuru zifunguliwe?" Mmoja alikohoa. Mwingine akageuza karatasi aliyokuwa anaisoma, ingawa upande wa pili haukuwa na maandishi.

Ndugu zangu, huu ni mfano. Msinifuate baadaye pale nje kuniuliza ni nchi gani, maana mkianza kuitafuta kwenye ramani mtakuwa mmeshapata pa kujifichia. Nchi hiyo ilikuwa na serikali, ilikuwa na waasi, na katikati yao ulipita mto wenye daraja moja la chuma. Serikali ilishika ng'ambo yenye hospitali. Waasi walishika ng'ambo yenye mashamba. Bunduki ziliponyamaza, serikali ikafunga mnyororo darajani na kutia kufuli. Waasi wakasema hawawezi kufungiwa njia na mtu mwingine, wakaja na wao wakatia kufuli yao kwenye mnyororo uleule. Kwa hiyo hata upande mmoja ukipenda kufungua, hapafunguki mpaka wa pili nao upende. Mnaielewa akili hiyo? Mnaielewa. Nawaona mnatabasamu.

Amani ikaenda kutafutwa nchi jirani, kwenye hoteli yenye bustani. Akaletwa msuluhishi, mtu mpole aliyewahi kusuluhisha kwingine, akaja na wataalamu, wakalimani, na vibendera vidogo vya mezani. Na kwa kuwa siku hizi mazungumzo ya amani yasiyo na mwananchi hayapendezi kwenye picha, wakatafuta mwananchi. Wakampata mkunga wa zahanati moja ya ng'ambo yenye mashamba. Daraja limefungwa, basi wakamvusha kwa helikopta. Wakampa dakika tano.

Mkunga hakuwa na hotuba. Alikuwa na mgonjwa.

"Anaitwa Yusta," alisema. "Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Huyu wa pili naye hawezi kupita njia ya kawaida, nyonga hairuhusu, nimempima mwenyewe kwa mikono hii. Amebakiza wiki sita. Chumba cha upasuaji kiko ng'ambo ya pili, ukitoka darajani hata nusu saa haifiki. Mimi sikuja kuomba nchi. Naomba daraja lifunguliwe kwa wajawazito, hata saa mbili kwa siku."

Ndipo akauliza lile swali. Na katika mfano wangu, huyo Yusta ndiye mtu pekee niliyempa jina. Hao wengine wana vyeo, vinawatosha.

Mwisho msuluhishi akasema, "Mama, tumekusikia, na tumeguswa sana. Suala lako ni ajenda namba saba, hali ya kibinadamu."

"Na leo mko namba ngapi?"

"Namba moja."

"Namba moja ni nini?"

Msuluhishi akajifuta paji la uso. Ajenda namba moja, wapendwa, ilikuwa dakika ya kimya. Kikao kilitakiwa kifunguliwe kwa kuwakumbuka marehemu. Serikali ikataka wakumbukwe kwanza askari wake. Waasi wakataka wakumbukwe kwanza wapiganaji wao. Ikapendekezwa dakika mbili, kila upande na dakika yake. Wakagombana ipi itangulie. Walikuwa wamemaliza siku kumi na tisa za makelele, wanagombea namna ya kunyamaza.

Kiongozi wa ujumbe wa serikali akaona aibu, au alitaka ionekane hivyo. "Mama yangu," akasema, "sisi tungefungua hata leo hii. Muulize huyo bwana pale mwenye kufuli ya pili."

Kiongozi wa waasi akacheka. "Ya kwanza aliitia nani, mheshimiwa? Mnyororo ulijifunga wenyewe?"

"Usinianze."

"Nikuanze mara ngapi? Ulishaanza wewe, sisi tunamalizia tu."

Msuluhishi akagonga kengele, wakaenda kunywa chai. Mkunga akapewa fulana yenye picha ya njiwa, akapigwa picha katikati ya viongozi wawili, huyu kamshika mkono wa kulia, huyu wa kushoto. Helikopta ikamrudisha. Niambieni ninyi mnaosoma mambo haya darasani: yule mama alishiriki mazungumzo, au alitumika kama ua la mezani?

Wiki zikaenda. Wiki ya pili tangu mkunga aondoke wakakubaliana iwe dakika moja ya pamoja. Wiki ya tatu wakagombana ni saa ya nani itakayotumika kuipima. Kule zahanati mkunga akawa anampima Yusta kila Jumatatu, naye Yusta anauliza, "Wamefika namba ngapi?" Mkunga anamjibu, "Wanakuja, mwanangu." Alidanganya. Sijui kama Mungu amemhesabia.

Wiki ya sita mvua ilinyesha, na senene, wale panzi wa kuliwa, wakaruka. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Wale viongozi wawili, wa serikali na wa waasi, walikuwa wamezaliwa ng'ambo moja, ileile yenye mashamba. Walisoma shule moja ya msingi na kuchapwa na mwalimu mmoja. Asubuhi hiyo walikutana kwenye veranda ya hoteli, kila mmoja na sahani yake ya soseji.

"Mheshimiwa," mwasi akasema, "nyumbani senene wameruka."

"Usiniambie!"

"Tangu juzi. Watu wanajaza ndoo."

"Na sisi tuko hapa tunatafuna hizi soseji zenye ladha ya karatasi." Akasukuma sahani. "Mimi mke wangu huwakaanga na kitunguu, akatia na pilipili kidogo…"

"Kitunguu? Unatia kitunguu kwenye senene? Sasa nimeelewa kwa nini tuliasi."

Wakacheka, jamani. Wakacheka mpaka mhudumu akageuka. Halafu mmoja akatoa simu akampigia kanali wake. Wa pili akatoa simu akampigia kamanda wake. Haikuhitajika ajenda, haikuhitajika kengele, mkalimani alikuwa bado amelala. Kabla chai haijapoa, amri mbili zilikuwa zimefika darajani.

Siku ileile, alfajiri, Yusta alishikwa na uchungu.

Wanaume wanne wakambeba kwa machela, mkunga akitembea pembeni amemshika mkono. Saa tatu asubuhi walikuwa darajani. Mlinzi wa serikali na mlinzi wa waasi walikuwa wamekaa huku na huku kwenye ule mnyororo, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Miezi yote ile walikuwa wanacheza pamoja, wanavuta sigara moja kwa zamu.

"Fungueni," mkunga akasema.

"Mama, ufunguo huu hapa," akajibu wa serikali, akauonyesha shingoni umefungwa kwa kamba ya kiatu. "Amri ya kumpitisha huyo ndiyo sina."

"Na wewe?"

"Mimi nikifungua peke yangu, mwenzangu bado amefunga. Nitakuwa nimevunja amri bure."

"Basi fungueni wote wawili!"

Wakatazamana kama watoto walioulizwa nani amevunja sahani.

Hapo ikatokea pikapu kutoka upande wa mashamba, inapiga honi. Walinzi wakasimama. Wakajikung'uta vumbi. Huyu akafungua yake, huyu akafungua yake, mnyororo ukaanguka chini. Mkunga hakungoja kuambiwa, akawaashiria wenye machela, "Twendeni, twendeni!" Mlinzi wa waasi akanyoosha mkono mbele yao.

"Samahani, mama. Amri inasema gari moja na magunia mawili. Haikutaja mtu."

"Magunia ya nini?"

Dereva ndiye aliyejibu, akiangalia usukani. "Senene, mama. Wa wajumbe wa amani."

Mkunga akamtazama dereva. "Nyuma kuna nafasi?"

"Ipo. Nafasi ipo tele. Mimi sina neno, nipakieni tu."

"Hajatajwa," akasema mlinzi wa serikali. "Akionekana ng'ambo nitaulizwa amepita kwa kibali cha nani. Mama, niombee msamaha kwa Mungu, lakini hajatajwa."

"Kwa hiyo ningemtia kwenye gunia?"

Pikapu ikapita. Mnyororo ukainuliwa, kufuli mbili zikarudi mahali pake. Yusta alifariki saa tisa mchana kwenye kivuli cha kibanda cha walinzi, na mtoto hakuwahi kutoka. Wale walinzi wakavua kofia.

Mnadhani nimemaliza? Bado. Kesho yake asubuhi msuluhishi aliita waandishi wa habari. Alikuwa na furaha ya kweli, yule mtu mpole, na alilotangaza halikuwa uongo hata neno moja. Alisema: "Kwa mara ya kwanza tangu mapigano yasimame, pande zote mbili, kwa hiari yao, zimefungua daraja kwa pamoja. Hii ni hatua kubwa ya kujenga imani." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na kwa sababu ya moyo mzuri uliokuwepo, ajenda namba moja ikapita siku hiyohiyo. Wakasimama wote arobaini, wakainamisha vichwa, wakanyamaza dakika moja nzima kwa ajili ya marehemu. Baadhi yao walikuwa bado wanatafuta mabaki ya senene kwenye meno kwa ncha ya ulimi.

Sasa nawaona. Mmekunja nyuso. Kuna dada pale nyuma anatikisa kichwa. Vizuri, lakini hebu ngojeni. Kuwakasirikia watu wa hotelini ni kazi nyepesi. Hata mimi naiweza, na nimeifanya kwa robo saa nzima na mmenisikiliza.

Leo tumeitwa hapa kuombea amani ya majirani zetu. Kundi linalosali kwenye kanisa dogo limekaa kulia. Kundi lililohamia Ukumbi wa Juu limekaa kushoto. Katikati mmeacha safu nzima ya viti vitupu, na hakuna aliyechelewa aliyethubutu kukaa pale. Tangu uchaguzi wa viongozi wa Februari tuko hivi. Kabla ya hapo, kila Jumamosi ushirika huu wetu wa wanafunzi ulikuwa unakwenda wodi ya wazazi hapo hospitali, kuwafulia na kuwachotea maji kina mama wasio na ndugu mjini. Tumeacha. Tumeacha kwa sababu gani? Semeni kwa sauti. Kwa sababu hatujakubaliana tutakwenda kwa jina la kundi gani, na bango libebwe na nani. Kamati ya upatanisho imekaa mara saba. Mimi ni mjumbe wake. Nimezungumza sana kwenye vikao vile, na nimezungumza vizuri, watu walinipongeza. Jumamosi kumi na moja zimepita.

Lakini kaka yetu alipooa mwezi uliopita, makundi yalikuwa wapi? Jioni moja tu, kwa simu, mlikubaliana nani alete spika, nani asimamie pilau, nani apokee wakwe. Wa kulia walicheza na wa kushoto mpaka watu wakavua viatu. Sisemi tusingecheza. Nasema tuliweza. Tuliweza, ndugu zangu, siku tulipokitaka kile kitu kwa tumbo letu wenyewe. Mbele za Mungu tutakwenda kusema nini? Kwamba tulishindwa? Atatuuliza, na ile harusi?

Alhamisi nilikwenda wodini peke yangu. Nilimkuta mama aliyejifungua siku tatu nyuma, bado amevaa gauni lile alilozalia. Akanishika kiganja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, wale wanafunzi niliosikia huwa wanakuja kufulia wazazi, walishahitimu?" Nikamwambia hapana, mama. Bado wapo. Wote wapo.

Kwa hiyo leo sitaongoza sala ya amani. Atakayeweza aje aiongoze. Mimi nina ombi moja. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, njoo kwenye bomba lililo nyuma ya wodi ya wazazi. Vaa nguo yoyote uliyonayo. Beba beseni, na kipande cha sabuni.