Paa na Lango la Kinamasi

Mpo hapo?

(Tupo.)

Nianze au ninyamaze?

(Anza, tukusikilize.)

Basi sogezeni kuni motoni. Wadogo wakae mbele, wakubwa washike ndimi zao. Ngano hii haikimbii, na mimi sikimbii.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kumi na nne ya mwezi wa Mfungo Tano, adhuhuri imekwisha adhiniwa na vivuli vimeanza kurefuka. Saa hiyo ndipo mambo ya nchi ya wanyama yalipogeuka. Mwaka wake siujui. Ni zamani sana, wakati wanyama walipokuwa wakisali, wakioana na wakizikana kama sisi. Lakini siku na saa wameishika, kwa sababu aliyefiwa husahau mengi, siku na saa haisahau.

Ili mwielewe Jumatano hiyo, nirudi nyuma kidogo.

Nchi ile ilikatwa katikati na kinamasi. Huku kulikuwa na makazi na mashamba. Ng'ambo kulikuwa na chumvi, na makaburi ya wazee, na Bi Kanga, mkunga wa nchi nzima. Masika yakija, kinamasi kinameza. Kilimmeza Digidigi na mzigo wake. Kilimmeza Nungunungu na mwanawe. Kilimmeza bibi harusi wa Pongo, na ngoma zikarudi nyumbani kimya.

Mzee Nyati, mkubwa wa nchi, akaita baraza. Akasimama Mhanga mchimbaji, mwenye kucha kama majembe.

"Mimi na jamaa zangu tutajenga tuta la mawe na udongo, kutoka huku hadi ng'ambo," akasema Mhanga. "Lakini tuta si kitu cha kujenga ukaliacha. Kila masika litaliwa, kila masika tutalijaza. Na anayechimba kutwa halimi. Nani atatulisha?"

"Tutoe sote," akasema Tembo. "Kila nyumba ilete mtama."

"Astaghfirullah!" akaruka Babu Kobe, kama kobe anaweza kuruka. "Mimi tangu nizaliwe sijafika ng'ambo. Nikianza safari leo, nitafika mmekufa nyote. Nilipie njia nisiyoipita?"

"Na chumvi unayotia kwenye mboga, babu, unaitoa wapi?"

"Kwa mke wangu."

Baraza likacheka. Akadakia Nyani: "Anayepita ndiye alipe! Na anayebomoa zaidi alipe zaidi. Tembo akikanyaga mara moja, ni kama sisi tumekanyaga mwaka mzima."

"Na wewe, Nyani?"

"Mimi napita juu kwa juu, kwenye matawi."

"Matawi gani katikati ya kinamasi, mwana wa watu?"

Wakabishana asubuhi, wakabishana adhuhuri, wakabishana hata jua likawa jekundu. Mwisho wakakata shauri. Liwekwe lango mwanzo wa tuta, anayepita atoe ushuru, na mtama wote uingie chungu cha wachimbaji. Mkubwa vibaba viwili, mdogo kibaba kimoja.

Hapo Paa akainua mkono. Paa alikuwa mpole, mwenye miguu myembamba na mbio nyingi, na alikuwa ameoa siku za karibuni.

"Mzee wetu, na maiti? Makaburi yako ng'ambo."

"Maiti halipi," akasema Mzee Nyati. "Wala wanaombeba hawalipi. Jeneza likija, lango lifunguliwe, na mlinzi asimame kwa heshima."

Wote wakasema hiyo ni haki. Wafu wakakumbukwa. Wagonjwa hakuna aliyewakumbuka.

Tuta likajengwa. Lango likafanywa la magogo mazito, na kamba ya kulivuta akapewa Nguchiro, mdogo wa mwili, mkali wa macho, baba wa watoto wengi. Kila asubuhi utamsikia:

"Mkubwa viwili, mdogo kimoja, maiti halipi. Mpita njia, karibu!"

Masika yakaja, hakuna aliyemezwa. Masika yakaja tena, hakuna aliyemezwa. Chumvi ikashuka bei hata Babu Kobe akaacha kunung'unika.

Lakini Nyani alikuwa halali akiwaza vibaba vyake.

Mnajua kule jeneza lilikuwa moja tu kwa nchi nzima, kitanda cha mbao chenye mikono minne, kinakaa nyuma ya msikiti. Anayefiwa hulichukua, kisha hulirudisha. Na kila anayekutana na jeneza njiani hutia bega, hata hatua chache, kwa ajili ya thawabu. Haulizi ni nani aliyekufa. Hutia bega.

Siku moja Nyani akapakia mikungu ya ndizi juu ya jeneza, akaivika shuka nyeupe, akawaita ndugu zake. Wakaenda mbiombio, vichwa chini. Paa alikuwa anakwenda ng'ambo. Akaliona jeneza, akatia bega. Nguchiro akafungua lango, akasimama kwa heshima, mkono kifuani.

Walipofika ng'ambo, Nyani akafunua shuka. "Jamani, marehemu ameiva vizuri!"

Ndugu zake wakaanguka kwa kicheko. Na Paa, Mungu amsamehe, naye akacheka. Akapewa chana la ndizi, akalipeleka nyumbani kwa mkewe.

Bi Paa akauliza zimetoka wapi. Akaambiwa. Akazisukuma pembeni.

"Mimi sili kitu kilichovishwa sanda, mume wangu. Na wewe umecheka nini?"

Ndizi zikaoza.

Baada ya Nyani akajaribu Ngiri, kwa mihogo. Lakini Ngiri hana utaratibu. Alipofika langoni shuka ikateleza, muhogo ukadondoka na kubingirika hadi miguuni pa Nguchiro.

"Huu ni mguu wa marehemu?" akauliza Nguchiro.

"Alikuwa mwembamba," akasema Ngiri.

Habari zikafika kwa Mzee Nyati. Akakasirika hata vumbi likatoka puani. Akamwita Nguchiro mbele ya watu. "Tangu leo, kila jeneza lifunuliwe. Na akipita tena mtu kwa hila, mtama wa wanao ndio utakaojaza chungu cha wachimbaji. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Sasa tumefika Jumatano ile.

Bi Paa alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto wa kwanza. Wanawake wakaingia, wakatoka, wakaingia, wakatoka. Wakaingia mara ya tatu, na dada yake Paa akatoka peke yake.

"Kaka, hili limetushinda. Mpelekeni kwa Bi Kanga. Msingoje hata maji ya kunywa."

Watambeba kwa kitu gani? Kitu cha kubebea kilikuwa kimoja tu. Wakalileta jeneza. Wakamlaza, wakamfunika kwa kanga kwa ajili ya jua na stara. Paa na ndugu zake watatu wakaweka mabega, wakakimbia.

Wameliona lango mbele yao, ndipo Paa akakumbuka.

"Mtama! Nani amechukua mtama?"

Hakuna aliyechukua. Nyumbani kumeachwa mbali nyuma.

"Mfunike uso," akasema ndugu yake. "Watatupisha."

Paa akainama. "Mke wangu, nisamehe. Usitoe sauti mpaka tupite."

"Nitajitahidi," akasema Bi Paa. Akajifunika uso kwa mkono wake mwenyewe.

Nguchiro akaliona jeneza. Akasimama, mkono kifuani. Kisha akasema polepole, "Poleni wafiwa. Nimeamriwa kufunua."

"Ni mwanamke, Nguchiro. Hata wewe unajua haifai."

Nguchiro akaona haya. Akashika kamba ya lango. Na alipoanza kuivuta, uchungu ukampata Bi Paa, na ile sauti aliyoizuia njia nzima ikamtoka.

Nguchiro akaiacha kamba kama imemuunguza. "Maiti analia?"

"Ni mke wangu. Ana uchungu wa kuzaa. Tunampeleka kwa Bi Kanga."

"Ulitaka nimpe heshima ya maiti."

"Nilikosa. Fungua, ndugu yangu."

"Siku ya Nyani bega lako lilikuwa chini ya jeneza hilihili. Nilikuona. Nilisimama mkono kifuani, Paa. Nilisimamia ndizi."

"Ni kweli. Fungua, Nguchiro."

"Wanangu watakula nini?"

"Fungua!"

Nguchiro akatazama huku, akatazama kule. Hakukuwa na msafiri mwingine wa kuwakopesha mtama saa ile ya jua kali, na wachimbaji walikuwa mbali, mwisho wa tuta. Akasema, na sauti yake haikuwa kali tena, "Lete kibaba kimoja tu. Adhabu sitaki, maneno sitaki. Kibaba kimoja, nifungue."

Paa akakimbia. Mnajua mbio za paa, lakini mbio zile hakuna aliyewahi kuziona. Akaruka mashamba, akaruka nyua, akaruka watoto waliokuwa wanacheza. Akaingia ndani, akachota mtama, akatoka. Ulimwagika njiani, akauziba kwa kiganja. Akakimbia na dua mdomoni: Ewe Mola, nifikishe. Ewe Mola, nifikishe. Ewe Mola, nifikishe.

Akafika.

Jeneza limewekwa chini. Ndugu zake wamesimama, hakuna anayemtazama. Lango liko wazi, limevutwa hadi mwisho. Na Nguchiro amesimama kando yake, mkono kifuani.

Paa akanyoosha kibaba. "Nimeleta."

Nguchiro akakisukuma kibaba polepole.

"Rudisha mtama wako, ndugu yangu. Maiti halipi."

Wakapita. Bi Kanga kule ng'ambo alikuwa amekwisha pata habari kwa wasafiri wa asubuhi kwamba Bi Paa ana uchungu, ameteleka maji. Maji yale yakawa ya kumwosha. Akazikwa kabla ya magharibi, na mtoto akiwa tumboni mwake, kwa sababu roho zote mbili ziliondoka pamoja.

Jioni ileile nchi ikachafuka. Na aliyepiga kelele kuliko wote ni nani? Nyani.

"Lango limeua! Livunjwe! Njia ni ya Mungu!"

Wakalivunja. Wakayachoma magogo. Paa alikuwepo, amekaa chini, hakuwazuia wala hakuwasaidia. Nguchiro akawachukua wanawe akahamia vichakani.

Chungu cha wachimbaji kikakauka. Mhanga akangoja, akangoja, akangoja, kisha akabeba kucha zake akaenda kulima. Masika yakaja, maji yakala tuta ubavu huu. Masika yakaja tena, yakala na ubavu wa pili. Siku moja mke wa Babu Kobe akatoka kufuata chumvi. Hakurudi. Walipokwenda kutazama, waliona kikapu juu ya tope.

Baraza likaitwa tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Tembo akasema kila nyumba itoe. Ngiri akasema anayepita atoe. Nyani akasema lango ni uuaji, na msiniulize mimi, muulizeni Paa.

Wakamgeukia Paa. Alikuwa amekonda. Akasimama.

"Lango lirudi," akasema.

Watu wakashtuka.

"Lirudi. Wachimbaji wale, tuta lijazwe. Kama tuta lingekuwa bovu siku ile, nisingefika hata hapo langoni. Lakini anayekuja na mgonjwa apite. Asiulizwe kitu wakati wa kwenda. Aulizwe wakati wa kurudi. Na asiporudi na mgonjwa wake, asiulizwe kabisa."

"Na waongo?" akauliza Mzee Nyati. "Kesho kila mtu atakuwa mgonjwa."

"Kweli!" akasema Nyani. "Mimi nina jino hili linanisumbua. Nikija na jino langu je?"

"Utapita," akasema Paa. "Nitakufungulia, na jino lako nitamwachia Mungu. Ni heri wanidanganye waongo wote wa nchi hii kuliko kumrudisha mmoja mkweli. Na mtama utakaopungua kwa uongo wako, Nyani, tutautoa sote, nyumba kwa nyumba, kama Tembo alivyotaka tangu mwanzo. Ukiwapita jirani zako, uwatazame."

Babu Kobe, ambaye hajawahi kufika ng'ambo, akawa wa kwanza kuleta mtama. Aliukokota mwenyewe, siku nzima.

Wakatafuta mlinzi. Nguchiro akaitwa, akalia, akasema hawezi tena kuishika kamba ile. Paa akaishika yeye. Hakuoa tena. Na ndiyo maana mpaka leo ukimwona paa porini, haachi kusimama. Anakula kidogo, anasimama, masikio juu. Msidhani anaogopa simba peke yake. Anasikiliza kama kuna mtu anakuja mbio na mgonjwa, asije akakuta lango limefungwa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mafunzo yake ni haya: njia ya wote ina gharama, na gharama hiyo ni haki kuitoa. Lakini sheria inayomkumbuka maiti ikamsahau mgonjwa, hiyo bado haijakamilika. Na wewe unayekwepa kwa hila ukacheka, hujamwibia mlinzi. Umemwibia ukweli wake mtu anayekuja nyuma yako, siku atakapouhitaji.

Mwenye kuitaka ngano aichukue, mwenye usingizi akalale. Na aliyekula kiazi changu kilichokuwa jivuni wakati nasimulia, nimemwona, namwachia Mungu na jino lake.

Sasa inueni mikono, hata nyinyi wadogo.

Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu Bi Paa na mwanawe ambaye hakupewa jina. Warehemu wote waliomezwa na tope na wote waliokatikia njiani. Na yule wangu, ambaye jeneza lake nyinyi mlilitia mabega pamoja nami mwezi uliopita bila kuuliza kitu, mpanulie kaburi lake, mtilie nuru ndani yake, na umfungulie mlango wa rehema asisimamishwe.

(Amin.)