Makipa Wawili wa Bi Suad

Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa kwa kukaliwa. Hauvutii macho, lakini upo nyumbani kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, na ule unaopitishwa tu mlangoni mwako una mwenyewe na una safari yake. Wahenga walituonya tusiuache mbacha wetu kwa tamaa ya msala huo. Bi Suad, mzaliwa wa Pemba aliyekulia Wembley, alilijua onyo hilo tangu utotoni. Hata hivyo, kulijua neno na kulifuata ni mambo mawili.

Mwezi wa Septemba aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa timu ya wasichana ya chuo kimoja huko Wembley. Kwa miaka tisa alikuwa amefundisha watoto viwanjani kila Jumamosi bila kutambuliwa na yeyote, kwa hiyo uteuzi huo ulimpa furaha isiyo kifani. Lakini alisikia pia minong'ono kwamba mwanamke yule wa mtandio hatafika Krismasi. Akaapa moyoni kwamba atatwaa kombe la vyuo katika msimu wake wa kwanza.

Kipa wa timu alikuwa Miska, binti wa Mzee Harith, mpakia mizigo wa ghala moja huko Hayes. Kwa misimu miwili msichana huyo alikuwa amelinda lango lile katika mvua na baridi kali. Hakuwa mwepesi sana, ila hakukosa mazoezi hata siku moja, na mabeki walimwamini kama ndugu yao wa tumbo moja.

Wiki ya pili akaja Shekinah, msichana mrefu kutoka Peckham aliyefunzwa soka na klabu kubwa. Aliruka kama chui. Tena alikuwa mkweli.

"Kocha, mimi napita tu," alisema siku ile ile. "Kuna klabu nasubiri wanipigie simu. Wakiniita nitaondoka."

"Wakikuita tutajua la kufanya," alijibu Bi Suad, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kutekwa.

Peris, kocha msaidizi aliyetoka Kisumu, alimvuta kando. "Suad, sikiza. Mchezeshe Shekinah, sawa. Lakini Miska naye mpe mechi zake. Kipa asiyecheza utampoteza."

"Kombe haliletwi na huruma, Peris."

Timu ilishinda mechi saba mfululizo, Shekinah golini kila mara, bila kufungwa hata bao moja. Sifa zikamlevya Bi Suad. Alasiri moja ya Novemba, walipokuwa wakiongoza kwa mabao matano, Mzee Harith alifika uwanjani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje amwone bintiye akicheza. Zilibaki dakika ishirini.

"Muingize huyu mtoto," Peris alimnong'oneza. "Babake yuko pale."

Bi Suad alimwona mzee yule amesimama pembeni, koti limemlowa chapachapa. Akaiwaza rekodi yake ya kutofungwa. Akageuza uso. Mechi ilipokwisha, Miska alimfuata babake hadi kituo cha basi.

Januari Miska alibisha hodi ofisini. Kwa kawaida alimjibu kocha wake kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijitahidi kwa Kiswahili cha kwao.

"Mwalimu, sina hasira na wewe. Ila nimechoka kurudi nyumbani na jezi safi."

"Haya, nenda salama, mwanangu," alisema Bi Suad, macho kwenye ratiba. Hakumuuliza hata anakwenda wapi.

Wahenga hawakukosea. Timu ilifika fainali ya kombe, na siku tisa kabla yake simu ya Shekinah iliita. Klabu moja ya kaskazini ilimtaka mara moja. Aliwakumbatia wenzake huku akilia, lakini alikwenda, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Jioni hiyo Bi Suad alikwenda nyumbani kwa Mzee Harith. Alipokewa kwa heshima, akaandaliwa chai ya maziwa na mkate wa kumimina.

"Miska, nilikukosea," alisema hatimaye. "Nilikukosea wewe na baba yako. Nakuomba urudi, uje utudakie fainali."

Miska alitikisa kichwa. "Nachezea timu ya mtaa siku hizi, mwalimu. Siku hiyo hiyo tuna mechi, na hawana kipa mwingine. Walinipokea nilipokuwa sina pa kwenda. Siwezi kuwatupa."

Bi Suad alimgeukia baba mtu, akitumaini kusaidiwa.

"Tumekwisha kukusamehe, Bi Suad," Mzee Harith alisema kwa upole. "Lakini kusamehe ni jambo moja, na kurudi ni jingine."

Upole ule ulimchoma kuliko tusi. Laiti angefokewa, angepata la kujitetea.

Siku ya fainali alimweka golini Emma, beki ambaye hakuwahi kuvaa glavu maishani mwake. Msichana huyo alijitupa huku na huko hadi magoti yakamchubuka, lakini mipira minne ilimpita. Filimbi ya mwisho ilipolia alikaa chini kwenye matope, akaficha uso. Bi Suad alipiga magoti kando yake.

"Nimewaangusha," Emma alilia.

"Hukumwangusha mtu. Timu hii ilikuwa na kipa wake, mimi nikamwacha aende bila hata kumtazama."

Alimshika mkono, akamwinua. Upande wa pili wapinzani walikuwa wakilinyanyua kombe, na Peris alikuwa akiwafunika wasichana makoti mmoja mmoja. Kwa kuwa alikuwa ameifikisha timu fainali, chuo kilimwongezea Bi Suad mwaka mmoja wa kazi, na walionong'ona wakanyamaza. Lakini hakuwa na furaha nao, kwa maana alikuwa amekwisha kujifunza kwa machozi yake na ya watoto wa watu: usiache mbachao kwa msala upitao.