Mafuta Vidoleni mwa Tabibu

Waliotutangulia wametuhadithia kwamba katika mji mmoja wa Gujarati, huko Bara Hindi, aliishi tabibu mcha Mungu aitwaye Burhanudini, aliyejifunza kutambua maradhi katika vitabu vya kale vya Ayurveda, elimu ya tiba ya Wahindi. Alisikiliza mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, kisha akatazama ulimi, macho na mkojo. Na watu walimwamini, jamani! Akisema huyu haponi, sanda ilinunuliwa siku hiyo hiyo.

Siku moja aliitwa kwa Bi Mehrunisa, mke wa mtia rangi nguo. Nje walimngoja wachukuzi wa amiri na machela, maana amiri alitaka kumfanya tabibu wa kasri. Kwa haraka akaushika mkono wa mgonjwa, akainamisha kichwa.

"Mshipa huu ni wa mtu anayeondoka. Msimsumbue tena kwa dawa wala chakula."

Mumewe, Rajabali, akaangua kilio.

Njiani kwenda kasri, tabibu aliteremka kwenye machela kutawadha kwa swala ya alasiri. Maji yakateleza vidoleni. Akavinusa: mafuta ya ufuta! Wale watu, kwa adabu zao, walikuwa wamemwogesha mgonjwa na kumpaka mafuta ili ampokee mgeni. Na vitabu vyake vilikataza kupima mshipa wa mtu aliyetoka kuoga na kupakwa mafuta, kwani mapigo hudanganya. Naye hakuuliza.

"Narudi," aliwaambia wachukuzi.

"Bwana, amiri hangoji mtu."

"Na mauti je, yanangoja?"

Akarudi kwa miguu. Alikuta majirani wamejaa uani, mgonjwa hajapewa hata uji. Akasimama mbele ya wote.

"Nimekosea. Sikumpima Bi Mehrunisa, nilipima mafuta. Mpeni uji."

Rajabali akamkwida kanzu. "Ulikwisha kumzika mke wangu!"

"Kweli, ndugu yangu. Utanipiga baadaye. Kwanza uji."

Asubuhi, kabla mgonjwa hajala wala kuoga, alimpima upya. Akadondosha tone la mafuta kwenye mkojo wake, nalo likatandaa taratibu, ishara ya matumaini kwa matabibu wa kale. Akamuuguza kwa subira, na kwa idhini ya Mola bibi yule akainuka, akarudi kwenye mapipa yake ya rangi.

Kasri lilikwisha kupata tabibu mwingine, na Burhanudini hakunung'unika. Lakini tangu siku ile, kila nyumba aliyoingia, wagonjwa walimnyooshea mikono mikavu, haijaoshwa, wakisema, "Tumekungoja hivi hivi, bwana tabibu." Hakuna heshima iliyomliza kama hiyo.

Enyi wapenzi, sisi neno "nimekosea" hutushinda hata kwa chumvi iliyozidi mchuzini. Yeye alilisema uani, mbele za watu, na mama wa watu akaishi. Mola atujaalie ulimi kama ule.