Dege la Mfalme na Fisi Mwamba Ngoma

Siku Mkuu wa Jeshi la Anga la Magugani alipotua mbele ya mfalme wake katika gwaride, alitua na mdomo ndani ya ngoma.

Si kando ya ngoma. Ndani. Bwana Korongo alikuwa amepanga kushuka kwa madaha, azunguke mara moja juu ya kiti cha Simba, kisha asimame kwa mguu mmoja na kupiga saluti ya bawa, kama alivyoona majeshi ya ughaibuni yakifanya. Lakini vumbi la kiangazi lilimwingia machoni, miguu yake mirefu ikapigana ngwala yenyewe kwa yenyewe, na ule mdomo wake wa kujivunia ukaipasua ngoma kuu ya ufalme, pwaa! Ukanasa humo humo. Akabaki mkia juu, akipepesuka.

"Mkuu amewasili," alisema Sungura kutoka kwenye safu ya wapiga zumari.

Korongo akajibu kutoka ndani ya ngoma, sauti ikivuma kama ya mzimu, "Nimetua nchi nyingi, ndugu zangu. Nimetua juu ya mapaa ya watu wa baridi, nimetua kwenye ubatizo, nimetua juu ya bwana harusi. Hii ya leo inashinda zote."

Wachache walicheka. Wengine hawakuweza, maana koo zilikuwa kavu. Magugani haikuwa imeona tone la mvua tangu vifaranga vya kanga wa mwaka jana vikiwa mayai. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na kisima cha mwisho kilikuwa kimegeuka tope la kunusa, si la kunywa. Mama Nyati alikuwa amefiwa na mumewe juzi tu. Mzee wa watu alitoka kutafuta maji, akaangukia njiani.

Na hapo ndipo pa kustaajabisha, kwa sababu maji yalikuwepo. Korongo mwenyewe aliyaona katika safari zake, ziwa zima nyuma ya vilima vya Ngurumo, jeupe kama sahani. Alimweleza mfalme uzuri wake mpaka mfalme angemeza mate, kama angekuwa nayo. Lakini Simba ni Simba. Wanyama walipomwomba wahame wote, alitikisa manyoya yake ya shingoni akasema, "Mfalme hahami. Wanaohama ni nyumbu. Maji yatanifuata hapa nilipo."

Sasa maji yatamfuataje mtu? Swali hilo lilikuwa bado linaning'inia siku Korongo alipochomolewa kutoka ndani ya ngoma. Aliyemchomoa alikuwa Fisi, fundi wa kuwamba ngoma za ufalme wote, mwenye meno ya kuvuta ngozi mpaka iimbe.

"Huyu ndiye mkuu wa jeshi langu la anga?" aliunguruma Simba.

"Usimlaumu, Mtukufu," alisema Fisi, macho yakiwa kwenye ngozi iliyopasuka. "Korongo hana kosa. Tatizo ni vifaa."

Simba akatulia. Neno hilo lilimwingia. Kusema kweli, jeshi lake la anga halikuwa la kutisha jirani. Lilikuwa na makorongo kadhaa, mwewe mwenye jicho moja, popo aliyesinzia zamu zote za mchana, na mbuni aliyepewa cheo kwa ajili ya kimo. Silaha zilikuwa mayai viza, tena ya kuazima.

"Jeshi la anga bila dege ni banda la kuku," Fisi aliendelea. "Niachie mimi. Nitaunga mianzi, niiwambe ngozi kama ninavyowamba ngoma. Tumbo lake litakuwa kubwa kama la kiboko. Litavuka vilima, lijae maji, lirudi. Nawe, Mtukufu, utaketi juu yake uione nchi yako yote kwa mara moja."

Simba aliiona picha hiyo akaipenda, hasa yeye mwenyewe alivyokaa ndani yake. "Na nani atalivuta?"

"Jeshi si lipo?"

Ndivyo Bwana Korongo alivyopata habari kwamba yeye ndiye injini.

"Sikiliza, Korongo," alisema Simba. "Dege likileta maji, ngoma nimekusamehe. Lisipopaa, manyoya yako nitayajaza kwenye mto wangu wa kulalia."

"Yatakutekenya, Mtukufu," alisema Korongo, lakini utani ule ulitoka ukiwa umekauka.

Fisi akapewa banda, na tangazo likapita: kila mwenye marehemu alete ngozi yake, nchi ina shida. Watu walileta. Mama Nyati alikuja na ya mumewe ameikunja mgongoni, akaiweka chini taratibu.

"Alikufa akiyatafuta maji," alisema. "Basi na akayachukue akiwa angani."

Fisi aliipokea kwa mikono miwili. Alitokwa na machozi, tena mengi. Mengine yalitokea mdomoni.

Tangu siku hiyo banda lilifungwa. "Siri ya jeshi," Fisi aliwaambia waliochungulia. Kilichosikika kutoka ndani ni kutafuna tu.

"Fundi, mbona unatafuna?" aliuliza mbuni siku moja.

"Nalainisha ngozi, mwanangu. Hujui kazi hii."

Magugani yote ilikonda. Mbavu za pundamilia zikahesabika pamoja na milia. Fisi peke yake alinawiri, kitambi kikamtangulia njiani. Akiulizwa, alisema ni uvimbe wa uchovu.

Dege lilipotolewa nje, lilikuwa kubwa ajabu, jeusi, linanuka. Watu walipiga makofi. Asubuhi ya siku moja kabla ya safari, Korongo alikwenda kujaribisha kamba zake. Zilimkaza shingo, na shingo ikamwasha. Akageuka ajikune, mdomo ukagonga ubavu wa dege, na kabla hajasema "astaghfiru" ukawa umetokea upande wa pili.

"Tena?" alinong'ona.

Akachungulia kwenye tundu. Hapakuwa na ngozi. Palikuwa na majani makavu ya mti wa mvumo, yamesukwa na kusiribwa tope. Mumewe Mama Nyati hakuwemo. Hakuwemo marehemu hata mmoja.

Alimkimbilia Sungura, miguu ikimtangulia. Alimkuta kwenye kivuli cha kichuguu akipangusa zumari.

"Ndugu yangu, nimekwisha! Lile si dege, ni ukuti! Litaporomoka na mfalme ndani yake, na kamba zimo shingoni mwetu. Nakwenda kumshtaki Fisi sasa hivi."

"Kamshtaki," alisema Sungura. "Fisi atasema lilikuwa zima mpaka ulipolitoboa kwa mdomo. Na nani Magugani hajakuona na ngoma?"

Korongo akautazama mdomo wake. Mdomo wenyewe ndio ulikuwa shahidi dhidi yake.

"Ile ngozi ya ngoma uliyoipasua iko wapi?" Sungura aliuliza.

"Imetupwa nyuma ya kiti cha mfalme. Kwa nini?"

"Imepakwa shahamu tangu enzi za babu yake Simba. Kaniletee. Tutamshonea Fisi kiti kizuri, tukining'inize kwenye mianzi. Na kamba za shingoni, wewe na wenzako fungeni fundo la kufyatuka."

"Fisi? Anayepanda si mfalme?"

"Lete ngozi, injini."

Kesho yake watu walijaa mlimani, juu ya kile kisima cha tope. Jua lilikuwa limewaka sawasawa. Simba alikuja amechana manyoya, akainua mguu apande. Sungura akapiga goti mbele yake.

"Mtukufu, samahani. Hapa kwetu, mtu akikupa kibuyu cha togwa, nani hunywa wa kwanza?"

"Aliyekileta," alisema Simba. "Huonja, akaondoa sumu."

"Na dege hili nani amelileta?"

Macho yote yakamgeukia Fisi.

"Aa, jamani, hiyo ni desturi ya vyakula!" Fisi alicheka kwa sauti nyembamba. "Na mimi fundi nani, nikae kwenye kiti cha mfalme? Ni utovu wa adabu. Halafu nina kizunguzungu, na tumbo hili si zima."

"Tumbo lako tunaliona," alisema Simba, na sasa macho yake yalikuwa yamekuwa membamba. "Ondoa sumu, Fisi."

Fisi akapanda, akaketi kwenye kile kiti cha kuning'inia, akiikumbatia mianzi. Korongo akapaza sauti kwa wenzake, "Moja, mbili, na Mungu atusamehe!" Mabawa yakapiga, kamba zikanyooka, na dege la Magugani likapaa.

Lilipaa, usibishe. Lilifika kimo cha twiga, likafika kimo cha twiga na mwenzake. Ndipo upepo ukalishika ubavuni. Jani la kwanza likang'oka, kisha la pili, kisha majani yote yakatoka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa, yakawashukia watu vichwani. Juu kukabaki mianzi mitupu, kama mifupa ya samaki, na Fisi katikati ananing'inia kwenye kiti cha ngozi.

"Nishusheni!" alilia Fisi.

"Tulia, fundi!" alijibu Korongo akihema. "Kiti ni kizima, tunakushusha taratibu!"

Na kweli kiti kilikuwa kizima. Lakini jua lilikuwa limekipasha, na shahamu ya enzi za babu ikaanza kunukia. Fisi akanusa. Akageuza uso. Akanusa tena. Akailamba kamba ya kiti, maana kulamba si kula.

"Bwana Fisi!" Korongo alipiga kelele. "Hiyo ndiyo inayokubeba!"

"Kipembe tu, ndugu yangu! Kipembe kimoja!"

Kwaruu! Kipembe kilikuwa ndicho chenyewe. Fisi akashuka bila dege, ngozi mdomoni, akatua kwenye tope mpaka masikioni. Mianzi ikasambaratika, mafundo yakafyatuka, na Bwana Korongo, aliyekuwa huru sasa kutua kwa namna yoyote aipendayo, alitua kwa makalio miguuni pa mfalme.

Simba hakumtazama. Alikuwa ameokota jani la mvumo, analigeuza. Halafu alilitazama tumbo la Fisi kule topeni, akalitazama kwa muda mrefu.

"Korongo," alisema polepole. "Lile ziwa. Kwa miguu ni mbali?"

"Si mbali, Mtukufu. Ukiondoka leo kwa mwendo wa mchovu, kesho jua likizama unakunywa."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza linapendeza kiasi gani. Njia hukuniuliza."

Simba akakohoa. Akazitazama mbavu za watu wake, akasimama, akajinyoosha. "Mfalme hahami," alisema. "Mfalme anakwenda kulikagua ziwa lake. Mnaweza kunisindikiza."

Wakamsindikiza wote, wakubwa kwa wadogo. Na juu yao, bila kamba wala mianzi, Jeshi la Anga la Magugani lilitangulia likionyesha njia, Korongo mbele, anatazama aendako kwa makini kuliko alivyowahi kutazama maishani.

Fisi alijikwamua topeni, akajipenyeza nyuma ya msafara. Mama Nyati akageuka, akasimama katikati ya njia.

"Mbona unanitazama hivyo, mama?" alisema Fisi, akipangusa tope na kutabasamu. "Mimi ni fundi tu. Wazee si walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake?"

"Kuvuta tungekusamehe," alisema Mama Nyati. "Wewe umemtafuna mume wangu. Rudi ulikotoka."