Vifungo vya Kapteni Marcelino

Masika ya mwaka 1956 yaliinyeshea Mbeya bila huruma. Barabara ya kwenda Iringa iligeuka uji, malori yakanasa Igawa na kulala huko kama ng'ombe wagonjwa. Mtu mwenye haraka hakuwa na njia ila ya angani. Kampuni moja ndogo ilikuwa na ndege ya injini mbili hapo Mbeya, na rubani wake aliitwa Kapteni Marcelino.

Kapteni alikuwa Mgoa, mtu wa makamo mwenye asili ya Goa, aliyejifunza kurusha ndege India wakati wa vita. Marubani wenzake wote katika kampuni ile walikuwa Wazungu. Mzungu aliweza kushuka kutoka kwenye ndege kola wazi, ndevu za jana zimemjaa kidevuni, na wakubwa wakacheka naye. Marcelino alijua kwamba yeye hatachekewa. Koti lake lilikuwa jeupe pepepe, vifungo vya shaba vikimetameta, kofia imekaa sawasawa, na beji ya rubani, mabawa ya fedha, imetulia kifuani kana kwamba alizaliwa nayo. Kampuni ilitundika picha yake ofisini ili wengine wajifunze jinsi rubani anavyopaswa kuonekana.

Aliyekuwa nyuma ya unadhifu ule ni Filemoni, Mnyakyusa wa Rungwe, mtumishi wake wa miaka mingi. Ndiye aliyefua, akapiga pasi ya mkaa na kung'arisha viatu. Kapteni alipopita uwanjani watu wakageuza shingo, Filemoni naye alivimba kichwa kidogo.

Asubuhi moja alimpelekea chai, akamkuta Kapteni ameketi kitini, shati wazi, akihema kama mtu aliyepanda mlima. Kitanda kilikuwa hakijaguswa. Filemoni alipotazama chini, nusura aangushe birika. Miguu ya bwana wake ilikuwa imevimba kama unga uliochachuka.

"Funga mlango," Kapteni alisema.

"Bwana Kapteni, miguu hii ina nini?"

"Imechoka tu."

Filemoni alipiga magoti, akaubonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki pale pale, halikujaa.

"Twende kwa daktari leo hii."

"Daktari akiandika neno moja tu, mabawa haya yatang'olewa kifuani pangu," Kapteni alijibu. "Na nani atampa Mgoa ndege nyingine? Nifunge vifungo, Filemoni. Vidole vyangu havikunjiki."

Filemoni akavifunga. Tangu siku hiyo alivifunga kila asubuhi. Viatu vilipokataa kuingia, alivichana nyuma kwa wembe, na suruali ikaufunika mpasuko. Kila aliposhauri habari ya hospitali, Kapteni alimkata kauli. Nje, watu waliendelea kumsifu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa kampuni anatoka Nairobi, naye atawakagua marubani mavazi na mwenendo katika uwanja wa Iringa. Kapteni alimwambia Filemoni asafiri pamoja naye, amtengeneze kabla ya kushuka. Walipofika uwanjani, Filemoni aliwaona abiria wa siku ile, akaganda. Walikuwa Gideoni, katekista wa misheni, na mkewe Apolonia aliyeshikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Padre alikuwa amewatafutia nafasi ili wawahi hospitali ya Tosamaganga, karibu na Iringa.

Filemoni alimvuta Kapteni nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Bwana Kapteni, nakusihi. Safari hii si roho yako peke yako. Kuna mama na mtoto."

"Ndiyo maana lazima niruke," Kapteni alisema, midomo yake ya kijivu. "Yuko wapi rubani mwingine? Barabara iko wapi? Nikikaa, huyu mama atafia hapa kwenye nyasi."

"Ungekwenda kwa daktari tangu mwanzo, leo angekuwapo mwingine."

Kapteni alinyanyua kidevu ili afungwe kifungo cha juu. Filemoni akakifunga, akameza maneno yaliyobaki kama mtu amezaye mwiba.

Ndege ilipaa salama. Walipita juu ya bonde la Usangu, maji ya mvua yakimeta chini. Filemoni, aliyekaa nyuma tu ya rubani, hakuona uzuri wowote. Aliona shingo ya Kapteni ikilowa jasho na kola ikimbana.

"Nikufungue kola?" alinong'ona.

"Abiria wanatazama," Kapteni alisema kwa taabu. "Niache."

Upande wa Madibira ndege iliinama ghafla, ikashuka kama jiwe. Apolonia alipiga yowe. Gideoni alimkumbatia mkewe akiita jina la Mama Maria. Kapteni aliuvuta usukani hadi kifuani kwa mikono yote miwili, ndege ikainuka tena, na baada ya muda mabati ya Iringa yakatokea chini ya mawingu.

Walitua. Magurudumu yaligonga ardhi mara moja, mara ya pili, ndege ikakimbia, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya ofisi. Injini zikazimwa. Gideoni akashusha pumzi, akasema, "Mungu akubariki, Bwana Kapteni."

Kapteni hakugeuka.

Nje, mkaguzi alikuja karibu na dirisha la rubani, akaitazama ile kofia iliyonyooka, koti jeupe, vifungo vilivyopangana. Akawageukia makarani waliokuwa pamoja naye. "Tazameni," alisema. "Hivi ndivyo rubani anavyotakiwa kuonekana." Kisha akagonga kioo. Akagonga tena. "Mbona hanisalimu?"

Filemoni alimshika Kapteni bega. Kichwa kikaanguka upande na kofia ikadondoka sakafuni. Macho yalikuwa wazi, yakitazama mbele, hayaoni.

"Amekufa!" Filemoni alipiga kelele kwa sauti asiyoitambua kuwa ni yake. "Jamani, Kapteni amekufa!"

Apolonia alijiziba mdomo kwa kanga. Yeye na mumewe walifahamu mara moja: walikuwa wamebebwa angani na mtu aliyekuwa akikata roho.

Makarani walipomshusha, kiatu kimoja kilichomoka. Kila mtu akaona ngozi ya kiatu iliyochanwa kwa wembe na mguu uliovimba hata haukuwa na umbo la mguu. Mkaguzi alirudi nyuma, uso umempauka.

"Nani alijua jambo hili?" aliuliza.

"Mimi, Bwana," Filemoni alisema. "Nilimsihi aende kwa daktari, akakataa. Aliwaogopa ninyi kuliko alivyoogopa kifo chake."

Mkaguzi alivua kofia.

Gari la misheni lilimkimbiza Apolonia Tosamaganga, na kabla jua halijatua alijifungua mtoto wa kike, mzima. Mwili wa Kapteni nao ulipelekwa huko. Daktari aliuchunguza, akatikisa kichwa.

"Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, na kwa muda mrefu," alimwambia Filemoni. "Angekuja mapema, tungempumzisha na kumpa dawa. Huenda asingeruka tena, lakini angeishi."

Filemoni aliketi kwenye ngazi za hospitali, mikono imemlegea magotini. Gideoni alikuja akaketi kando yake.

"Kaka," Gideoni alisema, "sijui nimshukuru au nimlaumu. Ametufikisha, na angeweza kutuua sote. Mbona hakusema?"

Filemoni alifuta machozi kwa kiganja, akasema taratibu, "Alidhani sare itamsitiri. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."