Ushuhuda wa Aliyepewa Dhamana

Wenye simu wazizime. Mfano wangu wa mahubiri ya leo ni mfupi, na hautawafurahisha.

Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyeachana na mkewe. Korti ikampa mama malezi ya binti yao, baba akapewa Jumamosi. Watu wa mfano huu hawana majina isipokuwa huyo mtoto. Anaitwa Mghoi. Mshike jina hilo, nitawauliza baadaye.

Jumamosi moja baba akamchukua Mghoi kama kawaida. Jioni akarudi kwake peke yake. Mama akapiga simu.

"Mtoto yuko salama," akajibiwa. "Si ulitaka kuachwa? Sasa umeachwa."

Polisi wakamshika, lakini Mghoi hawakumpata. Siku ya korti, kiongozi wa mashtaka akasema, "Mheshimiwa, tunapinga dhamana. Mpaka wa Taveta uko hapo tu. Akitoka leo, kesho yuko ng'ambo." Sisi tuliosomea campus ili tuje tukae nyumbani tunaita hiyo flight risk. Nyanyangu angesema tu, huyu atahepa.

Wadhamini walikuwa wazee wawili wa kanisa, suti zimepigwa pasi, hati ya shamba mkononi. Hakimu akamuuliza mmoja, "Unamjua mshtakiwa?"

"Vizuri sana, Mheshimiwa. Anaimba besi kwaya yetu."

"Na mtoto wake yuko wapi?"

"Hilo hatukuliingilia. Ni mambo ya nyumba ya mtu."

Hakimu akamgeukia mama. "Wewe mama, unapinga dhamana?"

Mngetarajia aseme nini? Afungiwe huko na ufunguo utupwe, si ndio? Mama akasema, "Sipingi."

Kiongozi wa mashtaka akamvuta mkono wa sweta. Mama hakugeuka. "Akiwa ndani hasemi, Mheshimiwa, na nimeambiwa kunyamaza ni haki yake. Akitoka atamwendea mtoto. Mzazi gani atakaa bila kumwona mtoto wake? Aende tu. Mimi nitamfuata."

Hakimu akamwambia yule mwanaume, "Sikiliza vizuri. Dhamana si msamaha, na hujashinda kitu. Unatoka kwa sababu bado hujahukumiwa na hawa wazee wameahidi utarudi. Pasipoti ibaki hapa. Uripoti polisi kila Jumatatu. Usivuke mpaka, usimtishe shahidi. Na polisi waendelee kumtafuta huyo mtoto."

Mwanaume akatoka. Mama nyuma yake, mbali kidogo, leso kichwani. Akaenda wapi? Kinyozi. Kutoka hapo, nyama choma. Kesho yake akaosha gari, polepole, hadi magurudumu. Mama amekaa kibanda cha mboga ng'ambo ya barabara, anangoja aende kwa mtoto, na mtu hana hata haraka. Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Huyu hakumchukua Mghoi kwa sababu anampenda. Alimchukua ili mama amkose.

Jumapili mwanaume akavaa suti, akaenda kanisani. Mama naye akaingia, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Labda leo atamleta, alijiambia.

Ikafika saa ya ushuhuda. Mwanaume akachukua maiki. "Bwana asifiwe. Adui alinifunga, lakini Bwana amenifungulia. Nimeshinda kesi."

Na kanisa, watu wa Mungu, full confidence, wakasema amina. Kwaya ikaanzisha pambio. Akina mama wakapiga vigelegele.

Yule mama akasimama kule nyuma. Hakupaza sauti sana. "Mghoi yuko wapi?"

Mhudumu wa mlangoni akamshika kiwiko, kwa adabu kabisa. "Dada, tafadhali. Usituharibie ibada."

Akamtoa nje. Pambio likaendelea.

Mnaangalia chini. Kwa nini? Nimesema ni mfano. Ama mmevitambua viti?

Hakimu, mtu wa serikali ambaye hata hatujui anaabudu wapi, aliuliza mtoto yuko wapi kabla ya kusaini. Pasipoti akachukua. Masharti akaweka. Sisi tulimpa huyo mtu dhamana yetu bila swali hata moja, kisha tukaiita ushindi. Tunamjua kwa sauti yake ya besi, na hiyo imetutosha. Tunamlaani anayemficha mtoto, na sisi ndio tumemshikia mlango.

Kesi imeahirishwa. Mtoto hajapatikana. Sina mwisho mwingine wa kuwapa, na sitautunga ili mkale chakula kwa raha.

Nilisema nitawauliza jina lake. Nani anakumbuka? Hata kwaya?

Basi leo hatufungi kwa wimbo. Yule mama yuko hapo nje, kwenye ngazi, alipoachwa na mhudumu wetu leo asubuhi. Nendeni mkatokee mlango ule, mpite mbele yake, mmoja mmoja. Na kila mmoja akifika, amtajie mama jina la huyo mtoto.